Kiu ya Safarini: Tuliyojifunza Katika Mbuga ya Wembere

Akina mama wengi tunajua kufunga safari. Tunajua kupanga nguo za watoto, kukaanga maandazi usiku, kuchemsha mayai na kuyafunga katika kitambaa safi, na kuomba kabla ya gari kuondoka. Lakini liko jambo moja ambalo wengi wetu hatulijui vizuri, nalo ni namna ya kusafiri na mtoto mchanga siku ya jua kali. Sisi tuliojiita wenye uzoefu tulilijua siku moja ya mwisho wa Oktoba 2022, tukiwa njiani kutoka Dodoma kwenda Shinyanga. Tunawasimulia, wapenzi wasomaji, ili yaliyotupata sisi yasiwapate ninyi.

Mwenzetu mmoja katika umoja wa akina mama wa kanisa letu alifiwa na mama yake mzazi huko Shinyanga. Kama ilivyo desturi, tuliamua kwenda kumfariji. Tulichangishana, tukakodi Kosta, tukanunua unga, mchele, sukari na katoni mbili za maji ya chupa kwa ajili ya wageni wa msibani. Tulikuwa watu 24: akina mama kumi na wanane, wazee wanne wa kanisa, dereva na utingo wake. Miongoni mwetu tulikuwamo wauguzi wawili. Alikuwamo pia mama mdogo mwenye mtoto wake wa kwanza, wa miezi mitano, aliyefuatana na wakwe zake, yaani mama mkwe na baba mkwe.

Mazishi yalikuwa kesho yake mchana, lakini tulitamani kufika mapema ili tuwahi ibada ya jioni. Tulipanga kuondoka saa 11 alfajiri. Tukaondoka saa moja kasoro, maana mmoja alisahau hiki na mwingine alisubiriwa kwa kile. Basi tangu mwanzo tulikuwa na haraka.

"Msinywe maji mengi"

Kabla ya gari kung'oa nanga tuliomba, kisha tukatangaza taratibu za safari. Hapa ndipo tulipokosea, na hatuna budi kulisema wazi. Sisi wauguzi ndio tuliosimama na kusema, "Akina mama, leo msinywe maji mengi. Njia ni ndefu na gari halitasimama ovyo ovyo." Wote waliitikia, kwani ndivyo tulivyozoea. Ni mama gani asiyejua shida ya kumwomba dereva asimame porini, abiria wote wakimtazama anavyotafuta kichaka? Mwanaume hushuka, akageuka upande, akarudi. Mwanamke huona afadhali avumilie kiu kutwa nzima kuliko kupata aibu hiyo.

Dodoma mwezi wa Oktoba ni kukavu. Mvua za huko kwa kawaida huanza Desemba na kwisha Aprili, na kwa mwaka mzima hazifiki hata milimita 600. Tulipita mibuyu iliyopukutisha majani, tukavuka bonde la Bahi ambako wakati wa masika hulimwa mpunga, lakini siku ile tuliona vumbi tu na makundi ya ng'ombe wanaofuata madimbwi ya mwisho. Baada ya Kintinku gari lilipanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Manyoni. Pale watoto walituuzia asali dirishani.

Kutoka Manyoni barabara inanyooka katikati ya vichaka. Zamani, miaka ya 1990, njia hii ilikuwa ya vumbi na makorongo, na safari kama yetu ilichukua siku mbili au tatu. Siku hizi ni lami, na wengi wetu tulilala usingizi tukiimba nusu nusu. Tulifika Singida karibu saa tano na nusu, baada ya kilomita zipatazo 240. Tulikula kuku wa kienyeji kwa viazi, na wengine walinunua vitunguu na mafuta ya alizeti kando ya barabara. Maji? Tulinywa soda moja moja, kwa kuwa tulikuwa tumekatazana maji.

Mama mdogo yule alikula kidogo sana. Hakunywa kitu. Mtoto alikuwa amelala mapajani pake, amefungwa shali ya sufu na kofia. Tulimwona. Tukasema moyoni, huyu mtoto ni mpole, hasumbui safari.

Pancha katika mbuga

Saa sita na robo tuliondoka Singida. Jua lilikuwa utosini. Kiyoyozi cha Kosta kilikuwa hakifanyi kazi, na madirisha yakifunguliwa upepo ulioingia ulikuwa wa moto kama umetoka katika tanuru. Tuliteremka mlima Sekenke. Mzee mmoja alituambia kwamba katika machimbo ya hapo ndipo ilipotoka dhahabu ambayo Wajerumani waliitengenezea sarafu huko Tabora mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tulisikiliza kwa nusu sikio. Joto lilikuwa limetushinda.

Ukishateremka Sekenke na kupita Shelui unaingia mbuga ya Wembere. Ni tambarare kubwa yenye udongo mweusi. Masika hujaa maji yanayotiririka kuelekea ziwa Kitangiri, na kiangazi udongo hupasuka nyufa za kuingia mkono. Miti ni ya kuhesabu. Hapo, saa nane mchana, tairi la nyuma lilipasuka.

Tulishuka wote. Dereva na utingo wakatafuta jeki. Jua lilikuwa limeanza kuelekea magharibi, na kivuli cha gari kiliangukia upande wa barabara, ambako malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo yalikuwa yakipita kwa kasi. Kukaa pale ni kujitafutia kifo. Upande wa pili ulikuwa uwanja mtupu. Tulisimama juani tukijifunika vitenge kichwani.

Baada ya robo saa mama mkwe alisema kwa sauti ya chini, "Huyu mtoto hajalia tangu Singida."

Tukamsogelea. Tulipoifungua ile shali, joto lilitupiga mikononi. Mtoto alikuwa anawaka. Midomo ilikuwa mikavu, macho yameingia ndani kidogo, na utosi ulikuwa umebonyea. Nepi aliyovaa tangu Manyoni ilikuwa kavu. Tulimwita, akafumbua macho nusu, akayafumba. Ule upole tuliousifu haukuwa upole. Mtoto alikuwa analegea.

"Mwanangu, amenyonya saa ngapi mara ya mwisho?" tulimwuliza mama yake.

"Manyoni, mama."

"Manyoni? Saa tatu ile? Kwa nini hukumnyonyesha tena?"

Akainamisha kichwa. Hakujibu. Mama mkwe ndiye aliyejibu kwa niaba yake: baba mkwe alikuwa amekaa kiti cha jirani, na binti aliona haya kutoa ziwa mbele yake. Singida alijaribu kujificha nyuma ya gari, lakini maziwa hayakutoka vizuri. Na yangetoka wapi? Tangu jana usiku mama huyo hakuwa amekunywa hata glasi moja ya maji. Alitutii. Tulisema msinywe, naye hakunywa.

Ndugu msomaji, sisi wauguzi wawili tulitazamana. Kwa miaka mingi tumesimama kliniki tukiwafundisha akina mama habari za kunyonyesha. Siku ile, kwa ajili ya haraka yetu, tulikuwa tumelifundisha gari zima jambo la hatari.

Hema la khanga

Hatukuwa na muda wa kulaumiana. Mmoja alichukua khanga nne, tukazifunga pembe kwa pembe, na akina mama wanane wakasimama kuzishika juu na kando mpaka likawa kama hema dogo. Ndani yake tukamketisha mama juu ya gunia la unga. Tukamvua mtoto shali, kofia, soksi na sweta, akabaki na nepi tu. Tukalowesha kitambaa kwa maji ya kawaida, wala si ya baridi sana, tukampangusa kichwa, shingo, makwapa na mapaja, huku mwingine akimpepea kwa kitabu cha nyimbo.

Maji yale tuliyatoa wapi? Yalikuwa chini ya viti vyetu. Katoni mbili nzima za maji ya wageni wa msibani. Kwa saa nane tulikuwa tumekalia maji huku tunakufa kiu.

Bibi mmoja, kwa nia njema kabisa, alisema, "Mpeni mtoto maji ya kijiko." Tukamwomba, "Hapana Bibi, huyu ni wa miezi mitano. Maji anywe mama yake, mtoto anyonye." Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji kitu kingine zaidi ya maziwa ya mama, hata wakati wa joto kali, kwa sababu sehemu kubwa ya maziwa hayo, karibu asilimia 88, ni maji. Ukimpa maji pembeni unamjaza tumbo bila kumlisha, na maji yasiyo salama huleta kuharisha.

Mama alikunywa chupa ya kwanza bila kupumzika. Katika ya pili tukamchanganyia chumvi chumvi ya pakiti tuliyokuwa nayo mkobani, kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Tukamweka mtoto kifuani. Mara ya kwanza alilishika titi akaliacha. Mara ya pili vile vile. Wale akina mama walioshika khanga walianza kuomba kwa sauti ya chini. Mara ya tatu akanyonya, polepole, kisha kwa nguvu. Tulisikia anameza. Hakuna wimbo wa kwaya uliowahi kutufurahisha kama sauti ile.

Tairi likafungwa baada ya dakika hamsini. Tulipofika zahanati ya kwanza mbele yetu tulisimama, ingawa wengine walisema mtoto sasa yu mzima. Joto la mwili kwa mtoto mchanga si jambo la kukisia. Laweza kutokana na jua, lakini laweza pia kuwa malaria au ugonjwa mwingine. Mganga alimpima malaria kwa kipimo cha haraka, hakuwa nayo. Alisikiliza kifua, kilikuwa safi. Joto lilikuwa limeshuka. Alitukalisha saa nzima kumwangalia anyonye tena na tena, na alipokojoa mkojo mwingi mapajani mwa bibi yake, gari zima lilipiga vigelegele.

Tulipita Igunga jioni, Nzega usiku ulipoingia, na tukafika Shinyanga saa tatu za usiku. Ibada ilikuwa imekwisha. Mwenzetu mfiwa alitukumbatia mmoja mmoja. Hakuuliza kwa nini tumechelewa.

Chumvi chumvi: dawa ya bei ndogo

Kwa kuwa tumeitaja dawa hii, tueleze kidogo. Wengine huiita ORS. Si dawa ya kuzuia kuharisha, wala haiui vijidudu. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi mwilini. Ndani yake kuna sukari aina ya glukosi, chumvi ya kawaida, potasiamu na sitreti. Siri yake ni kwamba utumbo hufyonza chumvi na maji kwa wepesi zaidi sukari inapokuwapo kwa kipimo sawa.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya kujitenga kwa Bangladesh, kipindupindu kiliingia katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon nchini India. Dripu zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwapa ndugu za wagonjwa maji yenye chumvi na sukari wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Vifo ambavyo vilikuwa vikifikia watu 30 katika kila 100 vilishuka hadi chini ya wanne. Daktari huyo alifariki Oktoba 2022, mwezi ule ule tuliosafiri. Wanyweshaji wengi kambini walikuwa watu wa nyumbani tu, si waganga. Hivyo hata wewe unaweza.

Ukikosa pakiti, changanya lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi, maana ikizidi huleta madhara.

Mambo ya kukumbuka kabla ya safari ya juani

Tuliporudi nyumbani tulikaa na kuandika mambo haya, nasi tunayafuata mpaka leo.

1. Ondoka mapema kweli kweli. Jua kali likukute umekwisha maliza nusu ya njia. Na kama umechelewa, kubali kuchelewa kufika. Usijaribu kulipiza muda kwa kukata vituo.

2. Kunywa maji kidogo kidogo njia nzima, hasa wewe unayenyonyesha au mja mzito. Mkojo mweusi mweusi kama chai ya rangi ni dalili kwamba umekauka. Kubana mkojo kutwa nzima nako kunaweza kuchangia ugonjwa wa njia ya mkojo.

3. Patana na dereva kabla ya kulipa kwamba atasimama kila baada ya saa mbili hivi, mahali penye choo kama inawezekana. Mja mzito atembee kidogo, maana kukaa muda mrefu bila kunyoosha miguu kunaweza kugandisha damu. Kama hakuna choo, akina mama washuke pamoja na kushika khanga kama pazia. Aibu ikigawanywa kwa watu kumi haionekani.

4. Mtoto asifungwe shali siku ya joto. Wengi wetu tunaogopa kwamba upepo wa dirishani utamletea nimonia. Nimonia huletwa na vijidudu, si upepo wa saa nane za mchana. Mvalishe nguo moja nyepesi ya pamba, na umkinge na jua kwa khanga iliyo mbali kidogo na uso wake.

5. Nyonyesha mara nyingi kuliko siku za kawaida, hata kama mtoto hajalia. Mtoto anayelala mno safarini mwamshe umnyonyeshe.

6. Usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa dakika chache za kununua vitunguu. Katika dakika 10 joto la ndani laweza kupanda kwa nyuzi zipatazo 10.

7. Zijue dalili za hatari: midomo mikavu, kulia bila machozi, macho kuingia ndani, utosi kubonyea, nepi kuwa kavu kwa saa nyingi, ngozi ya tumbo kurudi polepole inapofinywa. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiweze kuamka, mkimbize kituo cha afya mara moja. Usisubiri kufika mwisho wa safari.

Kisima kilikuwapo

Usiku ule wa msiba, tulipolala kwenye mikeka, tulimkumbuka Hajiri. Habari zake zimo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 21. Alifukuzwa na mtoto wake, akatangatanga katika nyika ya Beer-sheba. Maji ya kiriba yalipokwisha alimlaza mtoto chini ya kichaka, akaenda kuketi mbali ili asimwone akifa. Mungu alisikia sauti ya kijana. Akamfumbua macho mama, naye akaona kisima.

Tumeisoma habari hiyo mara nyingi. Lakini ni baada ya Wembere tu ndipo tulipoangalia jambo hili: habari ile haisemi kwamba kisima kilichimbwa saa ile. Inasema macho yalifumbuliwa. Nasi maji tulikuwa nayo chini ya viti. Maziwa yalikuwa kifuani mwa mama. Ujuzi ulikuwa vichwani mwetu, na pakiti za chumvi chumvi mkobani. Haraka na haya vilikuwa vimetufumba macho.

Kuna jambo la mwisho. Asubuhi ya kurudi Dodoma, kabla hatujaingia garini, baba mkwe alimwita mkewe pembeni. Kwa heshima ya mkwe hakumsemesha binti mwenyewe. Alisema, nasi tukasikia, "Mwambie mama wa mtoto, leo mimi nitakaa mbele na dereva. Mjukuu wangu anyonye." Kisha akachukua chupa ya maji, akampa mkewe ampelekee.

Yule binti aliipokea kwa mikono miwili. Alikunywa kabla gari halijaondoka, na safari nzima ya kurudi tulisimama mara sita. Tulifika Dodoma usiku, wazima wote, na mtoto alilia njia nzima kama watoto wenye afya wanavyolia.